Vespa Kuukuu na Mkono wa Fundi

Anayenunua vespa ya mtumba mjini Unguja huwa na haja mbili tu siku ile ya kwanza: iende mbio zaidi, na ing'ae. Fundi mzuri hamkatalii. Humsikiliza, huinama, hubana breki ya mbele, huisukuma vespa mbele na nyuma, kisha huuliza jambo ambalo mteja hakulitarajia: "Sheikh, hii unaisimamisha vipi?" Hapo kazi huanza, na hapo ndipo nami huanza kumpenda fundi. Maana ufundi ninaotaka kuusifu si ule wa kuigeuza vespa iwe kitu kingine. Ni ufundi wa kuipokea mashine ndogo iliyopita mikono mingi, na kuirudishia kidogokidogo kile ilichonyang'anywa na chumvi, mchanga, moshi wake yenyewe na mafundi wa bora liende, hata mwenyewe akaapa kuwa imeongezwa nguvu, ilhali hakuna nguvu yoyote iliyoongezwa.

Unguja na vespa zimefaana. Gari haipiti kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Vespa hupita, tena na mtu na kapu lake la samaki kutoka Darajani. Halafu kuna suala la mavazi. Pikipiki ya kawaida humtaka mtu arushe mguu na apitishe kanzu yake karibu na mnyororo uliojaa grisi. Vespa ina uwazi katikati: mwenye kanzu huingia, huketi, hukusanya pindo, na huyo anakwenda zake msikitini bila doa. Bibi wa buibui huketi ubavu nyuma.

Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, hakuwa akifikiria kanzu. Alikuwa mhandisi wa vyombo vya anga, na helikopta yake iliweka rekodi za dunia mwaka 1930. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, kilichokuwa kikiunda ndege, kilipigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, na vita vilipokwisha kikatafuta chombo cha kumuuzia raia mwenye pesa kidogo. D'Ascanio hakuzipenda pikipiki. Aliziona chafu, ngumu kupanda, na taabu tupu tairi likitoboka. Basi injini akaifunika, mnyororo akauondoa kwa kulifunga gurudumu la nyuma kwenye injini yenyewe, gia akazileta mkononi, na magurudumu akayashika upande mmoja tu, namna yanavyoshikwa ya ndege, ili yatoke kwa kufungua nati chache. Hataza yake ni ya tarehe 23 Aprili 1946, na injini ile ya kwanza ilikuwa ya cc 98. Vespa ndogo ya cc 50 ilikuja 1963. PX, ambayo mafundi wetu huijua hata kwa kupapasa gizani, ilianza 1977. Wahindi nao waliziunda kwa leseni, Bajaj kwanza na LML baadaye, ndiyo maana leo kifaa cha Italia huweza kuvalishwa mwili wa Kihindi na mambo yakaenda.

Injini yake ni ya tu-stroki, ya mipigo miwili, na bila kuielewa hiyo huwezi kuona uzuri wa kazi ya fundi. Ndani yake vitu vikubwa vinavyocheza ni vitatu: pistoni, mkono wake na krenki. Hakuna vali za kupanda na kushuka, hakuna mnyororo wa taimingi. Pistoni inapopanda huvuta hewa na petroli kuingia chini yake, kwenye chumba cha krenki. Inaposhuka huusukuma mchanganyiko huo juu kupitia njia zilizochongwa pembeni mwa silinda. Kila mzunguko ni mlipuko mmoja. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, plagi hupiga cheche 5,000. Na kwa kuwa mchanganyiko hupita palepale penye krenki, oili yake haiwezi kukaa humo. Huja pamoja na petroli, hulainisha beringi na pistoni njiani, kisha huungua. Kwa hiyo kila kitu katika injini hii kimeshikana na pumzi. Ikivuta vibaya, inalainishwa vibaya. Ikitoa vibaya, inavuta vibaya. Fundi anayejua hili haguswi na tamaa ya kubadilisha vitu vikubwa kabla ya kuipa injini pumzi yake.

Lakini tulianza na breki, na fundi hataki kuruka zamu.

Vespa nyingi za zamani zina breki za ngoma mbele na nyuma, na ile ya mbele haijapata kusifiwa na mtu; Piaggio wenyewe waliipa PX diski ya mbele mwaka 1998. Hata hivyo, ngoma iliyotunzwa husimamisha na iliyotelekezwa haisimamishi, na baina ya hizo mbili ni kazi ya asubuhi moja. Fundi hufungua gurudumu, huvuta ngoma, na vumbi la ndani hulifuta kwa kitambaa chenye maji. Hapulizi, kwani breki shuu za zamani zilikuwa na asbesto na mapafu yake anayahitaji. Akizikuta shuu zimefanya kioo, uso unang'aa na umekuwa mgumu, huzipiga msasa hadi zirudi kuwa butu, au huzitupa ikiwa zimekwisha. Kisha hutia grisi chembe, chembe kweli, kwenye pini na kwenye kidole kinachozitanua. Mkono wa kushoto wenye grisi nyingi huharibu kazi ya mkono wa kulia wenye msasa.

Halafu waya. Nikiulizwa katika yote ni lipi lenye faida kubwa kwa pesa kidogo, nitajibu waya bila kusita. Vespa huendeshwa kwa waya tupu: breki, klachi, gia mbili, aksleta, choki. Hewa ya bahari huingia kwenye ala zake, nyuzi za chuma huota kutu, na mtu huzoea taratibu kuminya klachi kwa nguvu za kukamua nguo. Siku anapofungiwa waya mpya, wenye ala iliyotandikwa plastiki ndani, hudhani fundi ameigusa injini. Gia huingia kwa kidole. Na namna ya kuupitisha waya ndani ya mwili wa vespa ndipo utakapomjua fundi wa kweli na wa kuigiza. Wa kuigiza huchomoa ule wa zamani kwa pupa, kisha hushinda mchana kutwa akiuchokoa mpya ndani ya shingo ya usukani. Wa kweli hauchomoi mpaka ameufunga mpya kwenye mkia wa zamani. Huuvuta mmoja, na wa pili humfuata mwenziwe katika njia ileile. Huufanya polepole, mkono mmoja ukivuta huku, wa pili ukilisha kule, na ukikwama haulazimishi. Huurudisha nyuma kidogo, huuzungusha nusu duara, huuvuta tena.

Tairi nazo. Vespa za PX huvaa 3.50-10, ndogo nyingi huvaa 3.00-10, na ubavuni mwa tairi pana tarakimu 4 ambazo wauzaji wa mitumba hawapendi uzisome: 2 za mwanzo ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka. Tairi lenye kashata nzuri lakini lililotoka kiwandani zamani ni plastiki, si mpira; likikutana na mvua ya masika juu ya lami ya Michenzani hukutoa bila kubisha hodi. Upepo wa PX ni karibu psi 18 mbele na 25 nyuma ukiwa peke yako, na nyuma hupanda mpaka 36 ukimpakia mtu. Wengi hutia sawasawa kote, wakashangaa mbona usukani unachezacheza. Na kuna onyo moja ambalo kila mwanafunzi wa gereji hupewa siku ya kwanza, na atakayelisahau hutolewa nje: rimu ya vespa ni vipande viwili vilivyobanwa kwa nati, na karibu yake kuna nati nyingine za kulitoa gurudumu lote. Ukifungua zile za kubana rimu wakati tyubu ina upepo, vipande hivyo huachana kwa kishindo na usoni ndiko huelekea. Toa upepo kwanza. Kila mara.

Baada ya kusimama, ndipo moto.

Vespa kuukuu nyingi bado hutumia pointi, zilizojificha nyuma ya magineti na kuonekana kupitia kidirisha chake. Nafasi ya pointi ni kama milimita 0.4. Zinakuwa sahihi leo, baada ya muda zimelika, taimingi imehama, na injini inaanza kumisi kwenye kilima kidogo tu. Mwenye haraka hubadilisha plagi kila mara akidhani plagi ndiyo mbovu. Hapa pana uboreshaji ninaouunga mkono kwa moyo mmoja: kuondoa pointi na kufunga moto wa elektroniki, ile sahani ya koili pamoja na magineti yake na kisanduku cha CDI. Hakuna kinacholika ndani yake. Kiki ya kwanza au ya pili huwaka, hata asubuhi yenye unyevu. Kazi kubwa iliyobaki ni kuipanga taimingi, na mwenye uvumilivu huipanga kwa alama zilizopo, kisha huihakiki kwa taa. Asiye nao hukaza palipomuelekea.

Plagi yenyewe ina mtego wake. PX ya cc 125 au 150 hutaka plagi yenye uzi mfupi, wa milimita 12.7, mfano wa NGK B6HS au B7HS. Dukani plagi zote hufanana kwa asiyejua, na ile yenye uzi mrefu huingia vizuri tu, hukazika vizuri tu, na pistoni inapopanda hukutana nayo. Nimeona pistoni yenye kovu la namna hiyo juu yake, duara dogo, safi, utadhani limechongwa makusudi. Fundi aliyekuwa akinionyesha hakusema neno. Aliirudisha kwenye kopo lake la ushahidi, pamoja na ringi zilizovunjika na jeti zilizopanuliwa kwa sindano.

Taa huja kwa pamoja na moto, kwa kuwa zote hula kwenye magineti. Vespa za zamani zenye volti 6 zilikuwa na taa ya kuonekana, si ya kuonea. Anayefunga magineti ya kisasa hupata volti 12, na hapo barabara ya Bububu usiku huwa barabara. Ila asikimbilie kubandika balbu ya LED aliyoipata dukani. Umeme utokao kwenye koili ya vespa isiyo na betri ni wa kwenda na kurudi, nao hupanda na kushuka na mwendo wa injini. LED nyingi hupepesa humo au huungua. Lazima kuwe na rektifaya na regulata ya kweli. Ndiyo hesabu ya kazi hizi: kitu kimoja huita kingine, na fundi mwema hukutajia vyote kabla hajashika spana, wakati mlaghai hukutajia kimoja leo na vingine baadaye.

Sasa tuje kwenye pumzi, ambako mimi ningeweza kukaa siku nzima.

Kabureta ya PX ya cc 125 au 150, Dell'Orto SI 20/20, hukaa ndani ya kisanduku chini ya kifuniko cha kulia, juu ya injini yenyewe. Mtu huondoa kifuniko cha kisanduku, huinua filta ya hewa, na jeti zote zinamkodolea macho. Jeti kubwa hutoka kwa bisibisi bila kuishusha kabureta. Jeti hizo zina namba, na namba ni kipenyo cha tundu lake kwa sehemu za mia za milimita: jeti ya 100 ina tundu la milimita 1 kamili. Kutoka 98 kwenda 102 ni tofauti ya sehemu 4 za mia, nyembamba kuliko unywele, nayo yatosha kuifanya injini iwe nzima au iwe gonjwa. Basi fikiria yule anayezibua jeti kwa sindano au waya wa breki. Shaba ni laini. Akimaliza, jeti ni safi, na namba iliyoandikwa juu yake ni uongo. Fundi ninayemsifu huiloweka kwenye petroli, huipuliza kwa pampu, na ikiziba kabisa hupitisha uzi wa mshipi wa kuvulia, ule mwembamba, ambao mjini kwetu haukosekani. Uzi hauchubui shaba.

Akishaisafisha kabureta, hubadilisha pini ya boya, gasketi na kipira cha njia ya mafuta, akatia filta ndogo ya petroli baada ya tangi. Vitu vya senti chache. Kisha humpa mwenyewe vespa akaikimbize mahali peupe na, aksleta ikiwa wazi, azime moto na kubana klachi papo hapo, asimame. Plagi hutolewa ikiwa bado ya moto na kusomwa. Nyeusi yenye ute: petroli nyingi au oili nyingi. Nyeupe, yenye chembe zilizoyeyuka: hewa nyingi, na hiyo ni hatari. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, fundi huinua nyusi na kuirudisha mahali pake. Hakuna kipimo cha kompyuta hapo. Ni jicho, na jicho hilo limelipiwa kwa miaka.

Filta ya hewa hudharauliwa kuliko vyote. Vijana huitupa wapate sauti ya kuvuta. Kwenye injini nyingine ni upumbavu wa kawaida. Kwenye vespa kubwa ni kosa la kipekee, kwa sababu lango la kuingizia mchanganyiko hufungwa na kufunguliwa na krenki yenyewe, ambayo ubavu wake huzunguka ukikaribiana sana na kipande kilichosuguliwa cha kasha la injini, mwanya wa sehemu chache za mia za milimita. Punje ya mchanga ikipita hapo huacha mfereji. Mifereji ikizidi, lango halifungi, pumzi hurudi kwenye kabureta, na injini hukataa kuwaka. Kasha lililochubuka hivyo halinunuliwi kwa bei ya filta kumi. Kisiwa chetu ni mchanga na mawe ya matumbawe yaliyosagika. Filta si pambo.

Upande wa kutolea, adui ni masizi. Oili iliyoungua hujenga ukoko mweusi kwenye tundu la silinda na ndani ya ekzosi, mpaka njia ya kidole cha gumba ikawa ya kidole kidogo. Hapa kuna mageuzi makubwa ya mwendo yasiyohitaji kununua kitu. Fundi hufungua silinda, hukwangua ukoko juu ya pistoni kwa kijiti cha mbao, si bisibisi, ili asikwaruze. Mitaro ya ringi huisafisha kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjika, kwani hicho pekee ndicho chenye upana sawa kabisa na mtaro; hukishika kwa vidole viwili na kukiburuta taratibu, na masizi hutoka kwa vipande vyembamba vilivyopinda. Ekzosi huunguzwa motoni au hujazwa maji ya kostiki, mbali na watoto na mbali na macho, kisha hugongwagongwa na kusuuzwa.

Lakini asiitoboe. Huu ni ugonjwa: kukata matumbo ya ekzosi ili "ipumue". Katika injini ya mipigo miwili, tundu la kutolea moshi na njia za kuingizia huwa wazi kwa pamoja kwa muda mfupi, na sehemu ya petroli mpya hutaka kutoroka na moshi. Umbo la ndani la ekzosi hurudisha wimbi la kuisukuma ndani. Likiondolewa wimbi hilo, kinachobaki ni kelele, petroli inayotoka mbichi, na vespa iliyopungua nguvu ikidhaniwa imeongezeka kwa sababu mtaa mzima unaisikia.

Na hapo, tusijidanganye, ndipo penye aibu ya injini hii. Hata ikiwa nzima kabisa hutupa petroli mbichi na moshi wa oili kuliko wenzake wa mipigo minne, na kanuni za moshi za Ulaya ndizo zilizowalazimisha Piaggio kuiacha PX ya tu-stroki. Mimi siitetei kwa jambo hilo. Nasema tu kuwa vespa iliyotunzwa, yenye kabureta safi na oili iliyopimwa, haitoi wingu lile ambalo watu hudhani ni tabia ya kuzaliwa. Mara nyingi wingu ni sili.

Sili za krenki ni mbili, vipete vya mpira visivyoonekana mpaka injini ipasuliwe, nazo huwa ngumu kwa umri na kwa kukaa bila kuendeshwa. Ya upande wa klachi ikifa, injini hunywa oili ya gia. Moshi mweupe hautulii, na oili hupungua bila doa chini. Ya upande wa magineti ikifa, injini huvuta hewa ya wizi: inawaka, inanguruma yenyewe juu bila kuguswa aksleta, haitaki kushuka, na mwenyewe hufurahi kuwa imekuwa nyepesi. Haijawa nyepesi. Imekosa petroli, na oili huja na petroli, kwa hiyo imekosa na oili. Siku moja ya jua kali kwenye njia ndefu itanata. Fundi aliyenifunza kuisikia sauti hiyo alinirushia kichwa tu upande wa barabara, vespa ikipita: "Wasikia, mwanangu? Ile inalia hewa." Kuanzia hapo kila vespa ya mtumba inayonguruma hivyo kituoni humpa muuzaji wake kazi ya kunishawishi. Sili mbili, beringi zake na gasketi, kwa vespa ambayo historia yake haijulikani, ningezibadilisha kabla ya kuwaza jambo lingine lolote ndani ya injini.

Oili ya kuchanganya ina siasa zake. Vespa za mwanzo zilitaka asilimia 5. Za baadaye, na PX zote, hutosheka na 2, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli, au 100 kwa lita 5. Mzee asiye na imani humimina zaidi, "isinate." Lakini jeti hupitisha kiasi kilekile cha kimiminika, oili ikizidi, petroli imepungua, mchanganyiko umekuwa mkavu, na injini imesogezwa karibu na kile alichokuwa akikikimbia. Ununue oili halisi ya 2T, upate chupa yenye mistari, uchanganye pale sheli kabla ya kumimina, uitikise vespa kidogo. Na oili ya gia isisahauliwe: mililita 250 za SAE 30, ambamo klachi nayo huogelea. Watu huweza kuwa na vespa kwa miaka bila kujua kuwa ina bolti ya kuimwagia hiyo.

Hapo ndipo, mteja akiwa bado ana pesa na bado ana hamu, fundi hukubali kuzungumzia silinda kubwa. Vifaa vipo na vinajulikana: Polini, Malossi, Pinasco, DR. Silinda ya DR ya 75 huifufua vespa ya 50. Ile ya 177 hukaa kwenye kasha la 125 au 150 bila kuchonga, ni ya chuma cha kusubu, mvumilivu, na kati ya zote ndiyo ningeichagua kwa mtu anayetaka kupanda kilima na abiria badala ya kushindana. Haiji peke yake. Inataka jeti kubwa zaidi, klachi yenye springi ngumu, ekzosi iliyo wazi kwa kiasi, na kipindi cha kuizoeza bila kuikaba koo. Inataka pia breki zile tulizoanza nazo, na tairi lile. Na makaratasi: kadi ya usajili na bima zimeandikwa cc za kiwandani, na siku ya ajali mtu wa bima husoma kwa makini kuliko siku ya kulipia.

Mafundi wengi ninaowaheshimu humshauri mteja aiendeshe kwanza vespa iliyosafishwa, kwa miezi, kabla ya kununua silinda. Hupoteza pesa kwa ushauri huo, kwani wengi hawarudi kununua. Vespa ya 150 yenye ringi nzima, ekzosi safi, moto wa elektroniki na waya laini huenda Bwejuu na kurudi bila manung'uniko, na mwenyewe husahau alikuwa akitaka nini.

Rangi, ile haja ya pili, huwa ya mwisho kabisa, na hapo fundi hana masihara. Mwili wa vespa ni bati lililobebana lenyewe, hauna fremu ndani, na chini ya mkeka wa mpira sakafuni maji ya chumvi hukaa. Huinua mkeka, hugonga kwa mpini wa bisibisi toka mbele kwenda nyuma, akisikiliza mahali ambapo sauti inakuwa nzito. Hapo hukatwa, huchomelewa bati jipya, hupigwa praima, na tundu la kutolea maji huzibuliwa. Anayepaka rangi kwanza hulipa mara mbili, kwa kuwa moto wa kuchomelea huibabua rangi mpya hata upande wa pili wa bati.